Bunia: Namna gani kuendelesha kazi yako bila kujimaliza?

Hapa muji wa Bunia, watu wengi hawana patro. Huyu anashona nguo, yule anatengeneza telefone, mwingine anapiga picha ku ndoa ao anauza maandazi. Wote wanasikia shauri moja: ongeza bidii. Lakini kuko bidii inayojenga, na kuko bidii inayomaliza mutu mbele kazi yake haijasimama.

Tuangalie washonaji. Kila mwaka, mbele ya tarehe 8 mwezi wa tatu, siku ya wanawake, vikundi vya wamama vinaleta vitambaa vya namna moja, na kila mama anataka nguo yake siku ile ile. Kisha inakuja mwanzo wa masomo mwezi wa kenda, halafu Noeli. Mushonaji anapokea yote, sababu anaogopa kliya ataenda kwa jirani.

Lakini hesabu haidanganyi. Kama unaweza kushona nguo mbili kwa siku, siku 20 za kazi ni nguo 40. Ukipokea 60, zile 20 za juu zitatoka ku usingizi wako. Na umeme ukikatika, hata usingizi hautatosha: kliya atakuja tarehe 8 na kukuta kitambaa kingali kimekunjwa.

Mwili unalipa

Mwaka 2019, Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) lilieleza hali hii ya kuishiwa nguvu. Linasema si ugonjwa, ni hali inayotoka ku shida za kazi zisizopata dawa. Alama zake ni tatu: nguvu zinaisha kabisa, kazi uliyopenda inaanza kukuchukiza, na matokeo yanapunguka hata kama unakaa hapo siku nzima.

Mwaka 2021, OMS pamoja na Shirika la Kazi Ulimwenguni walionyesha kama mwenye kufanya kazi saa 55 ao zaidi kwa juma, hatari yake ya kupata AVC inapanda kwa 35% kupita mwenye kufanya saa 35 mpaka 40. Sheria ya kazi ya Kongo inaweka saa 45. Lakini anayefungua saa moja ya asubui na kufunga saa mbili ya usiku, siku sita, anafikisha 78. Hakuna wa kumuambia arudi nyumbani, sababu patro ni yeye mwenyewe.

Kese moja, midomo mingi

Tangu mapigano yalipoanza tena ku Djugu mwisho wa mwaka 2017, nyumba mingi za Bunia zimepokea ndugu waliokimbia. Chakula, masomo, dawa: vyote vinatoka ku kese ya atelie. Ndiyo maana kumuambia mutu «pumzika tu» haisaidii. Anajua siku akifunga, sufuria pia inafunga.

Mambo ine ya kufanya

Kwanza, tenga feza. Jilipe kiasi kimoja kila juma, na humo ndimo itoke ya jamaa. Ingine ibaki ya uzi, mashine na kodi. Si kukatala ndugu. Ni kulinda shamba linalowalisha wote.

Pili, uliza avanse ya nusu mbele ya kukata kitambaa. Deni lisilolipwa ni kazi uliyofanya bure.

Tatu, fundisha mutu mwingine, hata kama mwanzoni ataharibu kidogo. Ukishikwa na malaria, atelie isilale na wewe.

Ine, chagua siku moja ya kufunga na uiandike ku mulango. Wakliya watazoea. Kama juma linakuwa ngumu, likelemba yenye kupangwa vizuri inaweza kukusaidia kununua mashine ya pili, kuliko kuongeza saa za usiku.

Kama usingizi unakosa majuma mengi, moyo unapiga mbio, ao pombe imekuwa dawa yako ya kila mangaribi, nenda ku kituo cha afya. Kwa watu waliopita mu vita, uchovu huo unaweza kuwa na muzizi mwingine kupita kazi, na munganga anaweza kuutambua.

Leo mangaribi, mbele ya kufunga, hesabu kazi ulizoahidi na siku zilizobaki. Kama hazilingane, ita kliya mumoja kesho asubui na umuambie ukweli. Ni heri akasirike leo kuliko tarehe 8.