MTOTO WA MFANYAKAZI, KICHINA NA KITABU CHA KUGUSA MOYO



Siku hizi katika mikutano yetu, tukimaliza mambo ya mishahara na likizo, huzuka swali la watoto: je, mtoto wa mfanyakazi ajifunze Kichina? Wengine husema ndiyo, kwa kuwa makampuni ya Wachina yanajenga barabara na mabwawa ya umeme, na kazi zitakuwa huko. Wengine husema mtoto wa Burundi tayari ana mzigo mkubwa: Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili, vyote shuleni. Hatuna budi kulichambua jambo hili vizuri, maana wapo wazazi wanaojinyima chakula ili walipe masomo.

Tulikotoka

Wachina si wageni kwetu. Burundi na China zilianza uhusiano wa kibalozi mwaka 1963, ukakatika mwaka 1965, ukarudishwa mwaka 1971. Kiwanda cha nguo cha COTEBU hapa Bujumbura kilijengwa kwa msaada wa China. Kule Dar es Salaam kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa mwaka 1968. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975.

Katika kazi hizo, fundi wa Kichina na kibarua wa Kiafrika wengi walielewana kwa ishara za mikono na maneno machache. Lakini tusisahau kwamba Wachina walijifunza lugha yetu pia. Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, na huko Peking walichapisha vitabu kwa Kiswahili, vikiwemo vya watoto vyenye picha. Walijua kwamba mtu akitaka kusikilizwa nyumbani kwa watu, hana budi kusema lugha ya nyumba hiyo.

Kichina kinavyofundishwa sasa

Taasisi ya Confucius ya kwanza katika Afrika ilianzishwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005. Nyingine zikafuata, na Chuo Kikuu cha Burundi kinayo yake, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Bohai cha China. Walimu wengi huletwa kutoka China kwa mkataba wa muda. Tuwatazame walimu hao kama wafanyakazi wenzetu: wameacha wazazi wao, na wengine watoto wao, wakaja kufundisha mbali.

Kichina si mlima usiopandika. Neno moja hubadilika maana kwa sauti kupanda au kushuka: "ma" kwa sauti moja ni mama, kwa sauti nyingine ni farasi. Mrundi hashangai, kwa kuwa katika Kirundi neno "inda" likitamkwa hivi ni tumbo, likitamkwa vile ni chawa. Kazi ngumu ni maandishi. Mtoto wa China akimaliza shule ya msingi hutakiwa kutambua alama zipatazo 3,000. Kwa hiyo anayemwambia mzazi kwamba mtoto atajua Kichina kwa miezi mitatu, huyo anafanya biashara tu.

Somo kutoka Kinanira

Katika mtaa wetu wa Kinanira, kusini mwa mji, alikulia Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1982 na kuondoka mwaka 1995 kwa sababu ya vita. Mwaka 2016 alitoa kitabu kwa Kifaransa kiitwacho Petit Pays, nacho kikapata tuzo ya Goncourt ya wanafunzi wa Ufaransa. Ni hadithi ya kubuni, lakini mtaa ni huu huu.

Humo yumo mtoto aitwaye Gaby. Baada ya rais kuuawa mwezi Oktoba 1993, wenzake wa mtaani wanavutwa na silaha na chuki. Jirani mmoja, bibi mzee Mgiriki, anamwazima Gaby vitabu. Anaporudisha kitabu, bibi hatosheki na kusimuliwa kisa. Anataka kujua mtoto alihisi nini aliposoma. Vitabu havizuii vita, na Gaby mwenyewe hasalimiki na uovu wote. Lakini kwa muda anapata mahali pa kupumulia, na mtu mzima wa kuzungumza naye yaliyomo moyoni.

Ndugu, bibi yule hakuhitaji shahada ili kuuliza swali hilo. Hata sisi tulioishia shule ya msingi tunaweza kuuliza: ulihisi nini?

Viluwiluwi watafutao mama

Wachina nao wanayo hadithi ya namna hiyo, ya viluwiluwi wanaomtafuta mama yao. Iliandikwa na Fang Huizhen na Sheng Lude, na mwaka 1960 studio ya Shanghai iliifanya filamu ya michoro ya wino. Viluwiluwi wanakutana na huyu na yule majini, wanamdhania kuwa mama, wanakosea. Mwishowe wanampata chura, nao wakikua watafanana naye. Watoto wa China huisoma katika madarasa ya chini.

Mtoto wa kibarua anayeondoka usiku kwenda kuchuma chai Teza au Rwegura, na kurudi jioni, anaielewa hadithi hiyo upesi kuliko mtu yeyote. Hapo lugha ya kigeni huacha kuwa maneno ya "beba hiki, leta kile", ikawa lugha ya watu wenye mama na majonzi kama sisi. Anayejifunza maneno ya kuamriwa tu atabaki wa kuamriwa.

Tufanye nini?

Kwanza, lugha ya nyumbani itangulie. Mtoto asomewe hadithi kwa Kirundi au Kiswahili, hata dakika kumi kwa usiku. Vitabu vya Kiswahili vipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto nchini Tanzania, ulioanza mwaka 1991, umesaidia kuchapisha vingi. Mzazi asiyejua kusoma amwambie mtoto mkubwa asome, yeye aulize maswali.

Pili, anayetaka Kichina ajifunze, lakini kwa mwalimu wa kweli na kwa miaka. Tuwaombe walimu hao walete hadithi zao darasani pamoja na maneno ya kazi.

Tatu, kila tawi la chama liwe na kabati la vitabu vya watoto, hata kama ni sanduku la mbao lenye vitabu ishirini. Tuliingize jambo hili katika madai yetu kwa waajiri.

Nne, tusikubali mwajiri aseme kwamba wafanyakazi wajifunze lugha yake kwanza ndipo waelewe hatari ya mashine. Mkataba na maagizo ya usalama yaandikwe kwa lugha anayoielewa mfanyakazi. Wachina wa TAZARA walijifunza Kiswahili, basi hata wa leo wanaweza.

Samaki mkunje angali mbichi. Tunadai mshahara ili watoto wetu waishi vizuri kuliko sisi. Jioni hii, kabla ya taa kuzimwa, mtoto apate hadithi moja na swali moja.