Gango la Usiku

Je, wajua kwamba ndani ya kifundo cha mkono kuna kichochoro chembamba kinachopitisha kano tisa na neva moja, zote zikisongamana? Chini na ubavuni kimezungukwa na vifupa vinane. Juu kimefunikwa na ukanda mgumu usiovutika. Kano huvumilia kubanwa, neva haivumilii. Ikibanwa, ganzi na mchomo huingia kwenye gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete. Kidole cha mwisho husalimika, maana kinahudumiwa na neva nyingine isiyopita humo. Daktari makini huanza kwa kuuliza habari za kidole hicho.

Wenye maradhi haya wanaijua saa yake: usiku wa manane. Mtu huamka, akaukung'uta mkono, akalala tena. Wengi wetu usingizini hukunja vifundo bila habari. Watafiti wa Marekani walipima shinikizo ndani ya kichochoro hicho mwaka 1981. Mkono ukiwa umenyooka, kwa watu wenye afya lilikuwa milimita 2.5 za zebaki. Kwa wagonjwa, 32. Wagonjwa walipokunja kifundo, likapanda hadi 94.

Ndiyo maana gango huvaliwa usiku. Ni kitambaa kigumu, tepe za kunata na kipande cha bati upande wa kiganja, basi. Wazo lenyewe ni kongwe. Miaka ya 1850, daktari Mwingereza James Paget aliandika habari za mtu aliyevunjika mfupa karibu na kifundo, kisha akatokwa na vidonda kwenye gumba na vidole viwili vinavyofuata. Vilikataa kila tiba mpaka kifundo kilipofungwa kwa namna ya kuiondolea neva mbano. Alipoachiwa autumie mkono, vidonda vikarudi.

Kasoro iko dukani. Magango mengi huuzwa yakiwa yamepinda, yanainua kiganja kuelekea juu, na kuinua huko nako kunabana. Chomoa bati, ulinyooshe, ulirudishe. Usikaze tepe hadi vidole vivimbe. Na usilihukumu kwa siku mbili. Lipe wiki sita.

Linaponya? Baadhi, ndiyo. Uholanzi, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2002 kwa wagonjwa 176, baada ya miezi 18 asilimia 75 ya waliopangiwa gango walikuwa wamepata nafuu, dhidi ya asilimia 90 ya waliopangiwa upasuaji. Tusijidanganye lakini: kufikia wakati huo asilimia 41 ya kundi la gango walikuwa wameshapasuliwa pia. Sindano ya steroidi huleta nafuu haraka zaidi. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2018 ulikuta imelishinda gango wiki ya sita, ila miezi sita ilipotimia tofauti haikuonekana tena. Kwa mjamzito mimi ningeanza na gango tu, kwa kuwa mara nyingi dalili hupungua akishajifungua. Mwenye ganzi ya mikono yote miwili apimwe kisukari na homoni za tezi ya thairoidi.

Ukiona nyama iliyo chini ya gumba inanywea, au vikombe vinakuponyoka, usiendelee kungoja gango lifanye kazi. Nenda hospitali mapema, kwani neva iliyobanwa muda mrefu huenda isirudi yote hata baada ya kufunguliwa.