Kumwandaa Mwanafunzi kwa Masomo ya Sekondari Tangu Darasa la Tano

Walimu wengi waanzao kazi hudhani kwamba maandalizi ya masomo ya sekondari ni kazi ya mwaka wa mwisho, wakati maswali ya mitihani iliyopita yanapojaa ubaoni. Sisi tunaona vinginevyo. Tabia ya kujisomea haijengwi kwa miezi michache, nayo yapaswa kuanza kukuzwa darasa la tano.

Kabla ya Uhuru mtoto alisoma darasa la I hadi la IV, ndipo wachache wakachaguliwa kuingia shule ya kati, yaani darasa la V hadi la VIII. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alikataa shule ya msingi iwe ngazi tu ya kupandia sekondari. Alitaka iwe elimu iliyokamilika kwa mtoto atakayebaki kijijini. Hali sasa imebadilika. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Mtoto atafika sekondari akiwa mdogo zaidi, na huko atakuta masomo yakifundishwa kwa Kiingereza. Kwa mtoto wa Mbinga aliyeanza na Kimatengo, au wa mwambao wa Ziwa Nyasa aliyeanza na Kimpoto au Kimanda, hiyo ni lugha ya tatu. Aliyezoea kunakili ubaoni tu atakwama, hata kama alifaulu vizuri.

Tunapendekeza tabia tatu zikuzwe.

(a) Kutazama na kuuliza. Huko Umatengo, wapeleke wanafunzi kwenye shamba la ngolo. Waone nyasi zilivyolazwa kwa miraba na kufunikwa udongo uliochimbwa katikati. Usiwaambie faida yake. Waulize: maji ya mvua yanakwenda wapi? Nyasi zile zinakuwa nini? Watagundua wenyewe kwamba mashimo huzuia mmomonyoko na nyasi huoza zikawa mbolea.

(b) Kuandika kwa maneno yao. Wakirudi darasani, kila mmoja aandike sentensi tano bila kunakili. Kule Liuli au Lituhi kazi kama hiyo yaweza kufanywa juu ya usipa: jinsi unavyovuliwa usiku kwa taa, unavyoanikwa na unavyouzwa. Sahihisha mawazo kwanza, kisha tahajia.

(c) Kusoma peke yao. Tenga dakika kumi kila siku za kusoma kimya, kisha mwanafunzi aeleze alichosoma. Katika kipindi cha Kiingereza rudia jambo lile lile la ngolo au usipa kwa sentensi fupi. Mtoto akikilewa kitu kwanza kwa Kiswahili, Kiingereza humpa majina mapya tu. Asipokielewa, hukariri sauti.

Mwalimu akumbuke pia kalenda ya mahali. Msimu wa kuchuma kahawa, na siku za uvuvi, madawati mengine hubaki matupu. Zungumza na wazazi mapema kuhusu mahudhurio, na anayerudi umkaribishe kwa kazi badala ya fimbo: apime, ahesabu na aandike yale aliyoyafanya, kisha afidie vipindi vilivyompita.

Tunaonya juu ya kosa moja, nalo ni kuwachagua watoto watano hodari na kuwaacha wengine wakae kimya nyuma. Huko ni kuirudisha shule ya kati ndani ya darasa moja. Tabia tulizozitaja zinamfaa anayekwenda Kigonsera kuendelea na masomo, na zinamfaa vilevile atakayelima ngolo au kuuza usipa, kwa kuwa wote watahitaji kuuliza, kuandika hesabu na kusoma maelezo.

Basi, wakati wa mazoezi ya kufundisha, kila mwanachuo aandae andalio moja la somo kwa darasa la tano akitumia kazi moja ya kijiji alichopangiwa, na alijadili na mkufunzi wake kabla ya kuingia darasani.