Dhahabu ikatwayo kwa kisu cha mwanzi

Masonara tuwajuao huyeyusha dhahabu na kuifua, ikawa pete, kipuli au mkufu. Huko Japani wapo mafundi wengine ambao dhahabu yao huchanwa kama ukindu uchanwavyo miyaa, kisha ikapambiwa mti. Kazi hiyo huitwa kirikane, yaani madini iliyokatwa.

Kwanza dhahabu hufuliwa hata ikawa utando ambao ukipanga tando 10,000 ndipo upate unene wa milimita 1 hivi. Utando mmoja haukatiki vyema, kwani pumzi tu huukunja. Basi fundi hushikanisha tando kadhaa kwa joto la makaa. Kisha huzitandaza juu ya ubao uliovikwa ngozi ya paa, akakata kwa kisu cha mwanzi, maana cha chuma hunasa dhahabu. Hutoka nyuzi nyembamba kama unywele.

Kubandika ndiko kazi. Fundi hushika burashi mbili: moja huinua uzi, ya pili hupaka gundi ya mwani iliyochanganywa na gundi ya ngozi. Hapo hata kupumua ni kwa kipimo.

Ufundi huu uliingia Japani kutoka bara la Asia pamoja na dini ya Buddha. Katika hekalu la Hōryū-ji, mkoani Nara, zimo sanamu nne za mti wa kafuri za karne ya 7, nazo zina kirikane. Baadaye wachoraji walipata njia nyepesi: kusaga dhahabu ikawa unga na kuipaka kama rangi. Kilicho chepesi kikashinda. Kirikane ikabaki kwa watu wachache, hasa Kyoto, waliofanyia kazi mahekalu.

Msomaji aweza kuuliza: sisi tusio na sanamu katika ibada yetu, hayo yatuhusu nini? Mimi sitazami sanamu, natazama mistari. Pembe sita zilizoungana kama gamba la kobe, duara zilizoingiliana, nyota ndani ya nyota. Jicho lililozoea nakshi halihitaji mkalimani.

Na mistari hiyo iliweza kutoka hekaluni. Eri Sayoko, mwanamke wa Kyoto aliyezaliwa 1945, aliolewa na mchongaji wa sanamu. Bibi huyu aliitia kirikane katika vitu vya nyumbani pia: makasha ya mti na vijikasha vya kuwekea udi. Mwaka 2002 serikali ilimpa heshima ambayo watu huiita hazina hai ya taifa, kama ilivyompa Saita Baitei 1981 na Nishide Daizō 1985. Heshima hiyo hakipewi kitu, hupewa mtu mwenye ujuzi, pamoja na yen 2,000,000 kwa mwaka ili aendeleze kazi na kufundisha. Chanda chema huvikwa pete.

Lakini pete haizuii mauti. Bibi Eri alifariki 2007, naye yuko safarini Ufaransa. Makasha yake yamebaki, ila kasha halifundishi. Ukilitazama utaona mstari ulivyonyooka. Pumzi iliyozuiwa huioni. Hiyo hupokewa mkono kwa mkono, na asiyeketi karibu na fundi angali hai, hataipata popote.