Maendeleo Mapya ya Biashara na Malengo ya Mipango ya Eneo la Kati la Mji wa Songea

Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, hukutanisha barabara za Njombe, Tunduru na Mbinga. Kwa hiyo biashara yake hufuata abiria na mazao. Ujenzi wa kituo kikuu cha mabasi Shule ya Tanga, nje ya eneo la kati, ulilenga kupunguza msongamano. Hata hivyo, abiria wanaposogea, wateja wa maduka, mama lishe na wachuuzi husogea nao.

Hapo ndipo malengo mawili ya mipango hukinzana: kuupanua mji kuelekea pembezoni, na kudumisha uhai wa kitovu chenye Soko Kuu. Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007 huipa halmashauri, kama mamlaka ya upangaji, uwezo wa kudhibiti uendelezaji kwa vibali. Lakini kibali hutolewa kwa kiwanja kimoja, ilhali athari zake huenea mji mzima. Fremu za maduka zikiongezeka jirani na stendi, mpangaji wa kizimba sokoni hupoteza wateja, na mkazi asiye na usafiri hulipa nauli zaidi ili kupata mahitaji yaleyale.

Kwa hiyo, kuhamisha stendi pekee hakutoshi. Huhitaji kuambatana na uamuzi kuhusu matumizi ya ardhi inayoachwa, njia ya daladala inayounganisha stendi na soko, na maeneo rasmi ya wachuuzi. Msongamano ukiondoka pamoja na wateja, kinachobaki si kitovu kilichopangika, bali kilichohamwa.