Kwa Nini, Mara Tano

Wenzangu, chombo kikiharibika wengi wetu huuliza kwanza, "Nani ameharibu?" Mimi naona swali hilo huja mapema mno. Bwana Taiichi Ohno wa kiwanda cha Toyota, huko Japani, alisisitiza kuuliza "kwa nini" mara tano. Mashine imesimama: kwa nini? Mzigo ulizidi, fyuzi ikakatika. Kwa nini ulizidi? Beringi haikupata mafuta ya kutosha. Kwa nini? Pampu haikuvuta sawasawa. Kwa nini? Mhimili wake umelika. Na umelika kwa nini? Hapakuwa na chujio, chembe za chuma zikaingia. Basi abadiliye fyuzi tu, kesho atabadili nyingine.

Sasa tazameni Uingereza. Tangu 1999 posta za huko zilitumia programu ya hesabu iitwayo Horizon. Fedha zilipoonekana pungufu, wakubwa waliuliza nani kaiba. Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani, wengine wakafungwa. Na wengi walikuwa wamekwisha kulipa upungufu huo mifukoni mwao! Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba programu yenyewe ilikuwa na kasoro, na sheria ya 2024 ikafuta mamia ya hukumu hizo.

Mimi ningeuliza tena: kwa nini mashine iliaminiwa kuliko watu waliosifika kwa uaminifu? Jibu moja limo katika sheria ya huko, ambayo ilichukulia kwamba kompyuta hufanya kazi vyema mpaka mshtakiwa aonyeshe vingine. Naye msimamizi wa posta ndogo ya kijijini angeonyesha kwa njia gani?