Sindano Nyumbani: Tuanze na Nini?

Zamani Wafipa walisifika kwa kufuma nguo za pamba. Nguo za viwandani zilipoenea, ufundi ule ukafifia. Yasikitisha leo kumwona kijana wa Sumbawanga asiyeweza hata kupinda kanga ya mama yake.

Ndugu msomaji, wengi huanza kujifunza kwa gauni, wakaharibu kitambaa, wakakata tamaa. Anza na doti ya kanga: huuzwa vipande viwili vikiwa vimeshikana, nawe huvitenga kwa mkasi na kupinda ncha zake kwa mshono ulionyooka. Mkono ukizoea, shona foronya, kisha ushungi. Kwa hayo yatosha sindano, uzi, mkasi na utepe wa kupimia. Cherehani na ingoje. Kitambaa cha pamba kifue kabla ya kukikata, maana chaweza kupungua kikiingia majini.

Wala watoto wa kiume wasione haya: Bibi Aisha alisimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akishona nguo yake mwenyewe. Basi kipupwe kikifika, baridi ya Ufipa ikawarudisha nyote ndani mapema, wazazi toeni sindano. Haba na haba hujaza kibaba.